Bustani Zisizokuwamo Ramanini

Ramani ni picha ya nchi iliyotazamwa kwa jicho la ndege na kuchorwa kwa mkono wa mwanadamu. Jicho la ndege huona kila kitu, lakini mkono wa mwanadamu huchagua. Huchora hiki na kuacha kile, na aghalabu kile kinachoachwa ni mali ya mtu ambaye hakuulizwa. Ukitandaza mezani, msomaji, ramani ya Nairobi iliyopigwa chapa zamani, utaona njia ya reli imechorwa kwa mstari mweusi, barabara kwa mistari miwili, na makao ya wafanyakazi kwa visanduku vidogo vilivyopangwa safu safu kama askari wa gwaride. Kati ya visanduku hivyo na reli utaona karatasi nyeupe. Weupe huo wasema kwamba hapana kitu. Lakini mtu aliyepita kwa miguu kando ya reli za mashariki ya mji katika mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekwisha kufanya kazi yake, angalikwambia habari nyingine kabisa: kwamba palikuwa na mahindi yaliyomfika mabegani, maharagwe chini ya mahindi, viazi vitamu, sukuma wiki, na mwanamke aliyeinama akipalilia.

Insha hii yahusu tofauti iliyopo baina ya karatasi ile nyeupe na shamba lile la kijani, na jinsi tofauti hiyo ilivyoanza kupunguzwa na watu ambao si wapimaji wa ardhi. Nimechagua Makongeni pawe mahali petu pa kusimama. Jina lenyewe lina harufu ya shamba, maana mkonge ni mmea utoao katani. Makongeni pako kusini ya Barabara ya Jogoo. Kaloleni ni jirani yake wa magharibi, Mbotela jirani wa mashariki; nyuma yake yapita reli, na ng'ambo ya reli ni eneo la viwanda. Mtu aliyekaa Makongeni aliamshwa na king'ora cha kiwanda upande mmoja na honi za magari upande wa pili, na kati ya sauti hizo mbili alitafuta mahali pa kuchimba shimo la mbegu.

Ili kufahamu kwa nini alitafuta, yatupasa kurudi nyuma kidogo. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwezi wa Mei mwaka 1899, na mji ukazaliwa kutokana na karakana na maghala yake. Shirika la reli lilihitaji watu wa kutengeneza vichwa vya gari moshi, kupakia mizigo na kutunza njia, na watu hao walihitaji mahali pa kulala karibu na kazi. Ndivyo yalivyopatikana makao ya wafanyakazi wa reli ya Muthurwa na ya Makongeni. Waliokaa humo walitoka pande zote ambako reli ilifika, na Kiswahili kikawa lugha ya uwanjani na ya mferejini.

Mji ule wa kikoloni uligawa watu kwa rangi, na kwa kuwagawa watu uliwagawia pia udongo. Wazungu walichukua miinuko ya magharibi, yenye udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri na kumea karibu kila kitu. Waafrika waliwekwa mashariki, katika uwanda wa udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huu ni mgumu wa tabia. Mvua ikinyesha huvimba na kunata katika kiatu na jembe. Jua likiwaka hukauka na kupasuka nyufa ambazo mkono waweza kuingia. Una rutuba, lakini rutuba yake humtaka mkulima ajue siku hasa ya kulima: akichelewa wiki moja udongo ni tope, akiwahi wiki moja ni jiwe. Watu wa Eastlands walijifunza siku hizo bila bwana shamba.

Kwa nini mfanyakazi wa reli, mwenye mshahara na nyumba, alime? Jibu liko katika mshahara wenyewe. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mpita njia asiyekuwa na mke wala watoto mjini, na ujira wake ulipimwa kwa tumbo moja. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika wa Kenya, ilikiri jambo hilo na kupendekeza kwamba mshahara ukadiriwe kwa mahitaji ya jamaa nzima. Pendekezo ni jambo moja na chungu ni jambo jingine. Mke alikuja mjini, watoto wakazaliwa mjini, na pengo lililokuwapo baina ya mshahara na chungu likazibwa kwa jembe, katika kila kipande cha ardhi ambacho hakikuwa na jengo juu yake: kando ya reli, ukingoni mwa mto, chini ya nyaya za umeme, na baina ya uchochoro na uzio.

Sharti niseme jambo moja la ajabu. Wakati uleule wapangaji wa miji walikuwa wakizisifu bustani. Mwaka 1898 Mwingereza Ebenezer Howard alitoa kitabu kilichoeleza namna ya kujenga miji yenye kuzungukwa na mashamba na kujaa bustani, na fikira yake ikaenea duniani. Ilifika hata Nairobi. Kaloleni, jirani wa Makongeni, ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa kuifuata: nyumba za chini zilizozunguka viwanja vya wazi na njia zilizopinda. Mwaka 1948 mpango mkuu wa Nairobi, uliotungwa na Thornton White na wenzake, ulitoa nafasi kubwa kwa viwanja na maeneo ya kijani. Lakini kijani kilichokusudiwa kilikuwa majani ya kukatwa na miti ya kivuli. Sukuma wiki haikuhesabiwa kuwa kijani.

Sheria nayo haikuwa upande wa jembe. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1921 iliwapa maofisa wa afya uwezo juu ya vichaka na majani marefu ndani ya miji kwa kuhofia mbu, na kanuni za mji ziliwapa askari sababu ya kufyeka mahindi. Walisema kwamba mahindi huzaa mbu, kwamba huficha wezi, na kwamba huufanya mji ufanane na kijiji. Hoja ya wezi yaweza kusikilizwa. Hoja ya mbu ni dhaifu, kwani mbu wa malaria hutaga katika maji yaliyotuama ardhini, na mtaro ulioziba mbele ya nyumba ulikuwa na mbu wengi kuliko shamba la mahindi lililokuwa nyuma yake. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mipaka ya jiji ilisukumwa nje mpaka eneo lake likakaribia kilomita za mraba 700, mashamba mengi yakajikuta mjini pasipo kuondoka mahali pake. Hata hivyo askari wa Baraza la Jiji, ambao watu wa Nairobi huwaita kanjo, waliendelea kufyeka.

Wa kwanza kuuliza swali la hesabu kwa uangalifu walikuwa watafiti wa Taasisi ya Mazingira ya Nairobi. Walichunguza jamaa za miji sita ya Kenya, yaani Nairobi, Mombasa, Kisumu, Isiolo, Kakamega na Kitui, na mwaka 1985 walitoa ripoti iliyowashangaza wengi. Katika kila jamaa 100 za miji hiyo, 29 zilikuwa zikilima chakula ndani ya mji zilimokaa. Nairobi peke yake zilikuwa 20 katika 100. Mwaka 1991 mwanajiografia Donald Freeman wa Kanada alitoa kitabu juu ya wakulima wa viwanja vya wazi vya Nairobi, akaiita Nairobi mji wa wakulima. Wengi wa wakulima aliowaona walikuwa wanawake, na wengi walilima ardhi isiyokuwa yao.

Nakusihi uzipime habari hizo. Jamaa moja katika kila tano! Halmashauri ambayo ingaliambiwa kwamba mmoja katika kila watu watano wa jiji ana baiskeli ingalijenga njia za baiskeli. Lakini hesabu ya Mazingira ilikuwa hesabu, haikuwa ramani. Ilisema ni wangapi; haikusema ni wapi. Mpangaji wa mji aliyekaa ofisini na kalamu yake hakuweza kuinyoshea kidole ngwe hata moja, na kitu kisichonyoshewa kidole ni rahisi kukipitishia barabara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ngwe za Eastlands zilikuwa mali ya namna hiyo. Zilipofyekwa, hapakuwa na karatasi yoyote iliyoonyesha kwamba kitu kimeondoka.

Mabadiliko yalianza angani. Marekani ilikuwa na mfumo wa setilaiti uitwao GPS, uliomwezesha mtu mwenye chombo kidogo kujua mahali aliposimama duniani. Kwa sababu za kijeshi, ishara waliyopewa raia iliharibiwa kwa makusudi, hata chombo kikaweza kukosea kwa mita 100. Kwa nahodha wa meli mita 100 ni kitu kidogo; kwa mkulima wa Makongeni ni tofauti baina ya ngwe yake na paa la kiwanda. Mwezi wa Mei mwaka 2000 Marekani iliacha kuiharibu ishara hiyo, na kosa likapungua hadi mita chache. Miaka minne baadaye, mwaka 2004, Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote aruhusiwa kuichora, kuisahihisha na kuitumia bila kulipa. Taarifa za namna hiyo huitwa data huria. Neno huria lina uzito wake hapa: si data ya bure tu kama maji ya mvua, bali ni data isiyokuwa na bwana.

Nairobi iliipata elimu hiyo mapema kuliko miji mingi. Mwaka 2009 Mikel Maron na Erica Hagen walikutana na vijana wa Kibera, wakawafundisha kutumia vyombo vya GPS. Katika ramani nyingi za wakati ule Kibera ilikuwa patupu. Nyingine ziliandika kwamba ni msitu. (Jina la Kibera ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu, kwa hiyo ramani hizo zilikuwa zimechelewa kwa karibu miaka mia.) Vijana wale walizunguka kwa miguu kijiji baada ya kijiji, wakaandika njia, visima, vyoo, shule, misikiti, makanisa na vituo vya afya. Kazi yao ikaitwa Map Kibera, kisha ikaenda Mathare na Mukuru. Baada ya hapo mambo yalifuatana kwa haraka. Mwanzoni mwa mwaka 2014 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa Marekani, walitoa ramani ya njia za matatu, ambazo kila abiria wa Barabara ya Jogoo alizijua kwa moyo na hapana ofisi iliyokuwa nazo zote kwa maandishi. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam walianza kazi iliyoitwa Ramani Huria, wakachora mitaa inayofurika maji.

Sasa tuje kwenye bustani yenyewe, maana bustani haichoreki kwa wepesi kama kisima. Makongeni pako takriban digrii 1 na dakika 18 kusini ya Ikweta, na digrii 36 na dakika 51 mashariki ya Greenwich. Tarakimu hizo zatosha kumwongoza rubani, lakini dakika moja ya digrii ni karibu kilomita 2, na ndani ya kilomita 2 mna mitaa kadhaa ya Eastlands. Huku kwetu penye Ikweta digrii moja ni kilomita 111. Kwa hiyo ukitaka kuonyesha tuta la mboga lenye upana wa mita 2, yakupasa kuandika digrii kwa desimali tano, ambapo desimali ya mwisho ni sawa na mita moja. Chombo cha simu, ukisimama mahali pa wazi, hukosea kwa mita tano au zaidi, na kati ya kuta mbili za nyumba hukosea zaidi ya hapo. Ndiyo sababu mchoraji mwema hachukui nukta moja akaondoka. Huzunguka mpaka wa bustani kwa miguu, kisha hulinganisha mzunguko wake na picha ya setilaiti, kisha humwuliza mwenye bustani.

Kuna tatizo lililo kubwa kuliko la mita. Ramani hupenda vitu vilivyotulia, na bustani ya mjini haitulii. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilipokuwa ghali na watu wengi wamepoteza kazi, shirika la Kifaransa Solidarités lilieneza bustani za magunia huko Kibera na Mathare. Gunia husimamishwa wima, hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, na katikati hupitishwa nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke hadi chini. Miche hupandwa juu na katika matundu yaliyotobolewa ubavuni. Gunia moja hulisha jamaa mboga kwa majuma mengi, nalo halihitaji ardhi zaidi ya nafasi ya kiti. Lakini gunia laweza kuhamishwa. Leo liko mlangoni, kesho liko juu ya paa, na mwaka kesho limeoza. Hata ngwe ya kando ya reli ni ya kijani mwezi wa Mei na ni vumbi mwezi wa Februari. Picha ya setilaiti iliyopigwa Februari huapa kwamba hapana shamba. Kwa hiyo bustani yapasa kuandikwa pamoja na tarehe. Ramani isiyokuwa na tarehe ni shahidi asemaye ameona, lakini asiyekumbuka siku.

Na yapasa kuandikwa nini? Aina ya mboga, ndiyo, na mpaka. Kwangu mimi swali la maji huja mbele ya hayo. Wako wakulima wa mashariki ya Nairobi waliomwagilia mimea yao kwa maji taka ya mfereji mkuu, kwa kuwa maji hayo hayakauki wakati wa kiangazi na yana mbolea ndani yake. Yana vijidudu pia, na pengine madini mazito kutoka viwandani. Anayechora bustani akaacha kuandika maji yake atokako amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo inayomgusa mlaji.

Hapa msomaji wangu aliyekulia Eastlands ataniuliza swali zito: je, mkulima mwenyewe ataka kuandikwa? Swali hili si la woga tu. Historia ya kuhesabiwa katika nchi hii si njema. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba, na nyumba iliyohesabiwa ilikuwa nyumba iliyolipiwa. Sheria ya kuandikisha watu ya mwaka 1915 ilizaa kipande, kilichovaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Mwanamke alimaye kando ya reli amerithi kumbukumbu hiyo, na amejiongezea ya kwake: kila alipomwona mtu mwenye kalamu na daftari, aliyefuata alikuwa mtu mwenye panga. Ukimwambia kwamba utaiweka ngwe yake mahali ambapo dunia nzima yaweza kuiona, ana haki ya kukuuliza kama dunia nzima ina kanjo ndani yake.

Sioni jibu linaloondoa hatari hiyo yote, lakini yako yanayoipunguza. La kwanza ni kuandika bustani na kuacha jina la mkulima. Kenya ina sheria ya kulinda data za watu, iliyopitishwa mwaka 2019, na hata isingalikuwapo, adabu yatosha: ramani yahitaji kujua kwamba pana mchicha, haihitaji kujua ni mchicha wa mama nani. La pili ni kwamba mkulima awe mchoraji, au akae na mchoraji mpaka mstari wa mwisho. Muungano wa Wanavijiji, ulioanzishwa mwaka 1996 na watu wa mitaa ya Nairobi waliokuwa wakibomolewa nyumba, ulifanya jambo hilo kwa miaka mingi: wakazi walihesabu nyumba zao wenyewe, wakachora ramani zao wenyewe, wakaziweka mezani mbele ya serikali. Matunda yake yalionekana ng'ambo ya viwanda vinavyopakana na Makongeni. Mwezi wa Agosti mwaka 2017, baada ya utafiti wa wakazi pamoja na vyuo vikuu, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu, maana yake ni kwamba mtaa ule ulipaswa kupangwa pamoja na watu wake mahali pa kusafishwa kwa tingatinga. Watu waliohesabiwa na wengine huogopa hesabu. Waliojihesabu wenyewe huishika kama ngao.

Tena, sheria ya leo si ile ya mwaka 1921. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na katika kifungu cha 35 yampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola. Mwezi wa Julai mwaka 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua mpango wa data huria wa serikali ya Kenya. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini, na kilimo kilichofyekwa kwa zaidi ya nusu karne kikawa kazi halali yenye masharti. Wana Mazingira, ambao tangu 2004 walikuwa wakiendesha baraza la wakulima wa Nairobi, walikuwa miongoni mwa waliopigania mageuzi hayo. Sheria hiyo yahalalisha kilimo, lakini haiwezi kuilinda ngwe ambayo haijulikani iko wapi.

Kisa cha New York chaonyesha vizuri jambo hili. Katika miaka ya 1970 sehemu nyingi za mji ule ziliungua na kuachwa magofu, na wakazi maskini wakasafisha takataka wakapanda mboga na maua. Mji ukawakodishia viwanja hivyo kwa bei ndogo. Lakini katika madaftari ya mji viwanja vingi viliendelea kuandikwa kuwa ni vitupu. Mwaka 1999 Meya Rudolph Giuliani alitaka kuuza kwa mnada bustani zaidi ya 100, na kwa mujibu wa madaftari alikuwa akiuza viwanja vitupu. Watu waliandamana, wakaenda mahakamani, na mwishoni jumuiya mbili zilizinunua bustani hizo mnada ukiwa karibu kufanyika. Mwaka 2011 kikundi cha Brooklyn kilichukua orodha ya ardhi ya umma isiyojengwa katika wilaya yao, eka 596 kwa jumla, kikaichora katika ramani huria na kutundika vibao katika nyua za viwanja, ili mpita njia ajue ni cha nani na amwandikie nani barua. Orodha ilikuwa ya serikali siku zote. Kilichoongezwa ni kuiweka mahali ambapo jirani wa kiwanja angeweza kuiona.

Makongeni haikupata nafasi kama hiyo. Reli ya Kenya ilipokodishwa kwa kampuni mwaka 2006, makao ya wafanyakazi yalikwenda kwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, ili ardhi iwalipe wastaafu. Hilo nalo ni deni la haki, na asilisahau mtu anayewahurumia wakazi. Huko Muthurwa, makao ndugu, wapangaji waliotakiwa kuhama walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 mahakama iliamua kwamba haki zao zilivunjwa kwa namna walivyotaka kuondolewa. Hukumu ilizungumza juu ya nyumba na maji. Mwaka 2025 nyumba za zamani za Makongeni zilianza kubomolewa ili kupisha maghorofa ya mpango wa nyumba wa serikali. Mahesabu ya kuhama yalifanywa kwa nyumba, kwa kuwa nyumba ndizo zilizokuwa na namba. Tuta la mboga halikuwa na namba.

Yamkini wadhani kwamba basi habari imekwisha. Haijaisha bado. OpenStreetMap huhifadhi kila mstari uliowahi kuchorwa na kila mstari uliofutwa, pamoja na tarehe yake. Picha za setilaiti za miaka iliyopita zimehifadhiwa, na mtu mwenye subira aweza kuzipanga moja baada ya moja, akatazama kando ya reli mwezi wa Mei na mwezi wa Februari, mwaka baada ya mwaka, mpaka alione bapa la kijani likitokea, likipanuka, na siku moja likikoma. Jicho la ndege litakuonyesha umbo. Halitakuonyesha kama yalikuwa mahindi au magugu, wala maji yalitoka wapi, wala nani alimwachia nani ngwe alipohamishwa kwenda stesheni nyingine. Hayo yamo vichwani mwa watu waliotawanyika hivi karibuni, baadhi yao mitaa miwili tu kutoka kwako ukiwa wakaa Maringo, Mbotela au Kaloleni.

Ukienda kumwuliza mmoja wao, nenda na mwenzako, mwamkie, mweleze unataka nini na utaliweka wapi neno lake. Usimwulize alikuwa na eka ngapi. Hakuwa na eka. Mwulize ngwe yake ilianzia mti gani ikaishia nguzo gani, hata kama mti umekatwa na nguzo imeng'olewa. Mtandazie picha ya zamani juu ya meza, naye atainama, atatafuta reli kwanza, kisha paa la nyumba yake, kisha ataweka kidole. Hapo ndipo uandike tarakimu.